Nusu ya Kitabu Iko kwa Shemeji

Mlionisoma wiki jana mnajua nilikoishia: nimekalia kitabu kinene cha kompyuta kama kigoda, nimeshika tama, na mke wangu ananiuliza kama nilisoma au nilinunua kiti.

Kwa aliyeingia leo, nimweleze kwa ufupi, asije akadhani mimi ni mjinga wa kuzaliwa. Ujinga wangu nimeupata ukubwani.

Nafanya kazi kaunta katika kampuni ya kusafirisha vifurushi. Napokea mzigo, napima, nabandika lebo, natukanwa na mwenye mzigo. Wenzangu wananiita Kaunta. Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Fundi Waya, amepata kazi kwingine. Bosi ametangaza kwamba kiti chake atakikalia mfanyakazi yeyote wa ndani atakayeleta cheti cha kuhudumia kompyuta, kile cha daraja la kuanzia, kabla Fundi Waya hajaondoka mwisho wa mwezi.

Mshahara wa kiti kile ungetutoa mimi na mke wangu nyumbani kwa mama mkwe.

Simsemi vibaya mama mkwe. Ni mtu wa haki, tena haki yake imezidi. Shida yetu ni mlango.

Tulipooana alitupa chumba kimoja. Mdogo wake mke wangu, ambaye hulala sebuleni, akanuna. "Dada amepata chumba, mimi nimepata nini?" Mama akafikiri, akaita seremala. Mlango wa chumba chetu ukang'olewa bawabani, ukalazwa juu ya matofali, ukatupiwa godoro, ukawa kitanda cha shemeji. Sisi chumba, yeye mlango. Sisi tukatundikiwa pazia. Kitasa bado kipo kitandani, shemeji hutundikia shati.

Sasa mke wangu ni mjamzito. Aliniambia kwa kunong'ona, maana kwetu ukisema kwa sauti shemeji hujibu kutoka ng'ambo ya pazia:

"Mtoto huyu hazaliwi nyuma ya kitambaa."

Amekwisha tafuta chumba cha kupanga. Kina mlango wa bluu na komeo la ndani. Hilo komeo analitaja kama wengine wanavyotaja dhahabu. Mwenye nyumba amekubali kutungoja mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anampa mwingine.

Kwa hiyo niliingia kusoma. Na wiki jana nilikiri nilivyochagua kitabu changu cha kwanza: kwa uzito. Nilikiinua, nikaona mkono unatetemeka, nikasema hiki kina elimu. Nilifika sura ya nne nikiwa bingwa wa diski laini, zile za kuchomeka kwa mbele. Nikaenda kumwonyesha Fundi Waya umahiri wangu.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kaunta, umefufuka lini?"

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa twendeni.

Fundi Waya alinihurumia. Alinivuta nyuma ya rafu ya vifurushi visivyo na wenyewe, akanipa somo la kuchagua.

"Sikiliza. Vitabu vya kompyuta vinaoza kama nyanya. Tazama toleo kwanza. Mtihani umebadilishwa, ukisoma cha zamani unasoma historia."

"Sawa, Fundi."

"Chukua kitabu kimoja cha toleo jipya. Kimoja! Usirundike. Halafu tafuta video za mtu anayekuonyesha mikono yake ikifanya kazi, si za mtu anayekuonyesha meno. Halafu fungua mashine iliyokufa uifunge tena. Ile iliyo chini ya kaunta yako nakuachia. Halafu jipime kwa maswali."

"Kuna jamaa wa magari anauza maswali yaliyovuja."

"Usinunue."

"Kwa nini?"

"Aliyeyavujisha alifeli."

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa muuza vitabu vya mitumba, yule anayepanga vitabu kwa rangi. Nikaomba toleo jipya. Akasema kipo kimoja tu, pale juu, cha kijani. Nikanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukatangulia.

Niliujua ule mkono hata kabla ya kuona uso, kwa sababu ulikuwa umeshika waya wa kuchajia simu. Shemeji. Mtaani wanamwita Chaji, maana akiingia nyumba ya watu hasalimii mpaka aione soketi. Anafanya kazi ghalani kwetu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Shem," nikamwambia, "wewe si ulisema unasoma kwa video?"

"Kifurushi cha intaneti kiliisha kabla somo halijaanza."

"Kiliishaje?"

"Kulikuwa na mabao."

"Kumbe unakitaka kweli kiti cha Fundi Waya?"

"Kwani kiti kina jina lako?"

Tukabaki tumeshika kitabu, yeye kwenye jalada la mbele, mimi la nyuma, muuza vitabu akitutazama kwa wasiwasi wa mtu ambaye bidhaa yake haijalipwa. Mwishowe akasema tununue kwa pamoja, tukasomee nyumbani kama ndugu. Wazo lilisikika la busara. Nawashauri, mkisikia wazo la busara kutoka kwa mtu anayepanga vitabu kwa rangi, kimbieni.

Nyumbani hatukufika hata mezani. Nani asome kwanza? Mimi mkubwa. Yeye amelipa noti mpya, mimi nimelipa chakavu. Mimi nina mke. Yeye hana hata mlango, ana kitanda chenye kitasa!

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, anakata mche wa sabuni kwa uzi. Ndivyo anavyokata kila siku: anazungusha uzi, anavuta, vipande vinatoka sawa kama vimepimwa na serikali. Hakuinua macho.

"Kileteni hapa."

"Mama," nikasema kwa heshima zote, "kitabu hakigawanywi."

"Kwa nini? Kina mfupa?"

Mkwe hujibizani naye, na hata ungejibizana, ungemwambia nini? Kitabu hakina mfupa.

"Sheria ya nyumba hii mnaijua," akasema. "Mmoja akate, mwingine achague. Anayekata hachagui. Hapo hakuna wa kumpunja mwenzake, na hakuna wa kutoka humu na kinyongo. Wewe, mkwe, mkubwa ndiye hukata. Chukua kisu cha mkate."

Mke wangu alisimamisha cherehani yake pembeni. Anashona sare za shule, huwa haachi kushona hata nyumba ikiungua.

"Mama, kweli unakata kitabu cha watu cha mtihani?"

"Nilikata kanga yangu ya harusi, nikawafungia ninyi wawili kila mmoja nusu yake mlipokuwa wachanga. Nani alilia?"

Hakuna aliyelia. Nikapewa kisu.

Sasa hapa nikiri. Nilijiona mjanja. Nilipekua kitabu kabla ya kukata. Sehemu ya Kwanza ilikuwa ya vyuma: waya, kumbukumbu, printa, mtandao, picha tele. Mwisho wake kulikuwa na maswali ya kujipima. Sehemu ya Pili ilikuwa ya mifumo, usalama, virusi, na namna ya kuzungumza na mteja anayefoka. Hakuna picha hata moja. Mimi nilitaka picha. Nikajua shemeji atachagua kwa uzito, maana ni ugonjwa wa ukoo mzima na mimi nimeuoa. Kwa hiyo nikakata palepale Sehemu ya Kwanza ilipoisha, nikahakikisha ya pili imebaki nzito kidogo.

Shemeji akazipima nusu mbili kwa viganja viwili. Akafumba macho.

"Hii."

Akachukua ya pili. Nilicheka moyoni mpaka nikaogopa mbavu zitasikika.

Nilicheka hadi nilipofika kwenye maswali. Chini ya swali la mwisho kulikuwa na mstari mmoja: *Majibu yako mwisho wa kitabu.*

Mwisho wa kitabu ulikuwa ng'ambo ya pazia, umelaliwa.

"Shem," nikaita kwa sauti ya asali. "Hujalala?"

"Inategemea."

"Swali la saba jibu lake nini?"

Nikasikia karatasi zinapekuliwa. Nikasikia anatulia. Shemeji ni mvivu lakini si mjinga. Alijua papo hapo ameshika nini.

"Shati langu la bluu limekunjamana, shem."

Ndiyo biashara ilivyoanza. Shati moja, majibu matatu. Suruali, majibu matano. Kila jioni nilikuwa napiga pasi huku nasomewa herufi kutoka kitandani: saba ni B, nane ni D, tisa ni A. Mke wangu alinikuta nanyoosha kola kwa makini.

"Unampigia pasi mdogo wangu?"

"Nasoma."

"Unasoma kola?"

"Wewe hujui mambo ya kompyuta, mke wangu."

Alinitazama mimi, akaitazama pasi, akarudi kwenye cherehani. Ile cherehani siku hiyo ililia kwa hasira.

Basi. Jumatatu moja printa ya Bosi ikagoma. Bosi wetu ni mama mmoja nadhifu sana, na Jumatatu huvaa suti nyeupe ili sote tujue wiki imeanza. Fundi Waya alikuwa ametumwa tawini. Mimi nikaona mlango wa bluu unafunguka mbele yangu.

"Bosi, niachie mimi. Nasomea."

"Una hakika, Kaunta?"

"Asilimia zote."

Nikafungua printa kama kitabu kilivyoonyesha. Nikachomoa kile kibweta cha wino wa unga. Kilikuwa kimekwama, nikavuta. Kikatoka kwa ghafla, na unga mweusi ukaruka wote, ukatua kwenye suti nyeupe, kuanzia begani mpaka kiunoni.

Hata simu ziliacha kulia.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nilitabasamu, kwa sababu hili lilikuwa swali langu! Swali la kumi na nane: *Wino wa unga umemwagikia nguo, utafanya nini?* A, kung'uta na kufuta kwa maji baridi. B, kusugua kwa maji ya moto. Na jibu nililisikia kwa masikio yangu kutoka kitandani, kwa bei ya suruali: B.

"Bosi, tulia hapohapo. Leteni birika!"

Birika ililetwa. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya moto, nikasugua kwa imani. Nilisugua bega, nikasugua mkono wa suti, nikasugua mpaka Bosi akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Kaunta, mbona weusi unazidi kung'aa?"

Fundi Waya aliingia wakati huo. Alitazama birika, akatazama suti, akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani.

"Ule si wino wa maji," akanieleza pembeni. "Ni unga wa plastiki. Ndani ya printa kinachoubandika kwenye karatasi ni joto. Wewe umemaliza kazi ya printa, kwenye suti ya Bosi."

Siku hiyo sikufukuzwa kwa sababu moja tu: Bosi alikuwa na haraka ya kwenda kubadilisha nguo.

Nilifika nyumbani kama moto wa makumbi.

"Ulisema B!"

Shemeji alikuwa amelala chali juu ya mlango wetu, simu ukutani, waya kifuani.

"Kumi na nane? Ndiyo, B. Njoo uone mwenyewe."

Nikanyakua nusu yake. Nikatazama. Palikuwa na orodha mbili za majibu. Ya Sehemu ya Kwanza, na ya Sehemu ya Pili. Kidole cha shemeji kilikuwa kwenye ya Sehemu ya Pili.

"Shem. Haya ni majibu ya maswali *yako*."

Akaketi. Akatazama. Akakuna kichwa.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu shati la bluu!"

"Ah," akasema. "Nilishangaa kwa nini na mimi nikijipima nafeli. Nilikuwa natazama ile ya juu."

Wapenzi wasomaji, mtu akikudhulumu kwa ujanja unaweza kumchukia ukapumua. Huyu alinidhulumu kwa uvivu, na akajidhulumu na yeye mwenyewe, akanipokonya hata raha ya kumlaani.

Mke wangu ndiye aliyeniokoa. Alifunga cherehani, akachukua nusu yangu ya kitabu, akaketi kitandani na chaki yake ya kuchorea nguo sikioni.

"Kuanzia leo nitauliza mimi. Na sitaki herufi. Niambie sababu."

"Sababu?"

"Kwa nini maji ya moto hayafai?"

"Kwa sababu ni plastiki, inayeyuka."

"Ungejua hivyo asubuhi, ungehitaji B?"

Sikuhitaji. Tangu siku hiyo mchana naifungua ile maiti ya kompyuta chini ya kaunta na kuifunga tena, jioni najieleza kwa mke wangu mpaka aseme nimeelewa. Akikunja uso, sijaelewa. Nilianza kupenda kile kitu. Nilianza hata kuota ndoto zenye sauti ya feni ndogo. Ng'ambo ya pazia nilimsikia shemeji naye akijisomea kwa sauti namna ya kumtuliza mteja anayefoka: "Pole sana, mama. Nimekuelewa, mama. Hebu tuanze pamoja, mama." Alikuwa anafanya vizuri, jambo lililoniudhi.

Siku ya kujiandikisha, kwenye tovuti ya mtihani palikuwa na karatasi mbili. Nikasoma mada za ya kwanza: waya, kumbukumbu, printa, mtandao. Zote zangu! Nikasoma za ya pili, sikutambua hata moja. Nikasema huo ni mtihani wa watu wengine. Nikabonyeza ya kwanza, nikalipa, nikafunga.

Kesho yake niliona risiti ya shemeji imetundikwa kwenye kitasa cha kitanda. *Karatasi ya Pili.*

Masikini, amejiandikisha mtihani usio wenyewe!

Hapa pia nikiri. Nilipaswa kumwambia. Neno lilifika kwenye ulimi likakaa, likaagiza chai. Nikafikiria mlango wa bluu, nikafikiria komeo, nikafikiria yale mashati. Nikanyamaza. Ila dhamira ilinisuta, nikamnunulia soda.

Ajabu, jioni yake na yeye akaninunulia soda.

"Ya nini, shem?"

"Aa, basi tu. Nakuonea huruma unavyojitesa na masomo."

Nikamwona ana moyo mzuri. Nikazidi kujisikia vibaya, lakini si kiasi cha kusema.

Mtihani tuliufanya Ijumaa ya mwisho, ukumbi mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Shemeji alinipungia mkono kama anayemuaga msafiri. Mimi nikampungia hivyohivyo.

Swali la kwanza lilikuwa la wino wa unga. Nilicheka kwa sauti mpaka msimamizi akanionya.

Nilipobonyeza kumaliza, skrini ikafikiri, ikafikiri tena, halafu: *Hongera. Umefaulu.* Sikuona aibu, nililia palepale. Nilimwona mwanangu nyuma ya mlango wa mbao, komeo limeingia.

Nje nikamkuta shemeji anarukaruka, naye ana karatasi.

"Shem, nimefaulu!"

"Umefaulu nini?" nikauliza kwa upole wa mtu anayejiandaa kufariji.

"Mtihani! Pole, shem. Nilitaka kukwambia kwamba umejiandikisha karatasi isiyo yenyewe, lakini..."

"Mimi? Wewe ndiye uliyejiandikisha isiyo yenyewe!"

Nikaelewa ile soda.

Tulikimbia mpaka ofisini, kila mmoja akimsukuma mwenzake ngazini. Bosi, ambaye tangu siku ile huvaa nyeusi, alipokea karatasi zote mbili. Akazilaza mezani sambamba. Akamwita Fundi Waya, aliyekuwa anapakia vitu vyake kwenye boksi.

Fundi Waya alisoma moja, akasoma nyingine, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Bosi, cheti hiki kina karatasi mbili. Mtu afaulu zote ndipo apewe. Huyu ana ya kwanza. Huyu ana ya pili. Hawa wawili ni fundi mmoja."

"Hatukuambiwa!" nikasema.

"Iko kwenye dibaji ya kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa."

Shemeji akanigeukia. "Dibaji iko kwenye nusu yako!"

"Nani husoma dibaji?"

Bosi aliinua mkono, tukanyamaza.

"Fundi anaondoka leo. Kiti ni kimoja na mshahara ni mmoja. Mnaweza kukikalia wawili na kugawana mshahara nusu kwa nusu, mpaka mmoja wenu aniletee karatasi zote mbili. Au mmoja amwachie mwenzake sasa hivi, aimalize karatasi iliyobaki akiwa kazini. Nataka jibu kesho asubuhi." Akanitazama. "Na Kaunta, ukishinda, birika inabaki jikoni."

Nusu ya mshahara haikodi chumba. Nilijua, na kesho ilikuwa Jumamosi.

Njiani nilimbembeleza. "Shem, niachie. Dada yako anakaribia kujifungua."

"Na mimi nitalala juu ya mlango wenu mpaka lini, shem? Unadhani kile kitasa hakinichomi ubavu?"

Sikuwahi kufikiria ubavu wake. Njia iliyobaki nilitembea nimejishika wangu.

Mama mkwe alisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake, katikati ya sebule. Alipoelewa, uso ukamchangamka. Akafungua kikopo, akatoa uzi wake wa sabuni.

"Sasa shida iko wapi? Kazi igawanywe. Mmoja akate, mwingine achague. Wote mna kazi, wote mnakula, hakuna anayeondoka na kinyongo."

"Hakuna anayeondoka kabisa," mke wangu akasema.

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Nini, mwanangu?"

"Hilo ndilo unalolitaka, Mama. Kila kitu unakigawa nusu ili asiwepo mwenye kutosha kuondoka."

Hajawahi kusema na mama yake hivyo. Hata shemeji alichomoa simu.

Mke wangu aliinuka, tumbo mbele, akatoa chaki sikioni. Akainama kwa shida kwenye ukuta wa nyuma, akaanza kuchora mstari sakafuni. Akauvuta sebule nzima, akapita chini ya meza, akapita kati ya miguu ya kiti cha mama yake, akaufikisha ukuta wa mbele. Akanyooka, ameshika kiuno.

"Na nyumba ni yetu watoto pia. Mimi nimekata. Upande huu chumba chetu na soketi. Upande ule chumba cha Mama na mlango wa kutokea. Chaji, chagua."

Shemeji akatazama soketi. Akatazama mlango wa kutokea. Jasho likamtoka. Maisha yake yote hajawahi kupewa mtihani mgumu kama ule.

"Mama," akasema, "hebu sogea kidogo nione mstari."

Mama hakusogea. Alikuwa anatazama chini. Chaki ilikuwa imepita katikati ya miguu yake, mguu mmoja upande huu, mguu mmoja upande ule. Uzi wa sabuni ulikuwa unamning'inia kidoleni.

"Sabuni haina mfupa," alisema taratibu. "Kitabu hakina mfupa. Mimi ninao. Mimi nani ananikata, na nani ananichagua?"

Nilimwonea huruma, nikamwonea mke wangu huruma zaidi, maana niliona anaificha chaki kiganjani, nikajua hakuwa amewaza kiti kile kimekaa wapi. Nilitaka kusema chukueni kazi, chukueni mshahara, mimi nirudi kaunta.

Ndipo shemeji alipotoa shati lake kwenye kitasa. Akavuta godoro likaanguka sakafuni. Akashika ncha moja ya mlango wetu, akauinua juu ya matofali, vumbi la miaka miwili likatuingia puani.

"Shem, shika upande wa pili," aliniambia. "Ni mzito."

Nikashika. Ulikuwa mzito kweli. Tukausimamisha katikati ya sebule, juu ya mstari wa chaki, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na kwa namna alivyougeuza sikuweza kujua kama anaurudisha bawabani kwetu, tubaki wote humu, au anauelekeza nje, barabarani, kutuonyesha njia ya chumba cha mlango wa bluu na kuniachia kiti.

Mama aliinuka kitini.

"Mnaupeleka wapi?"

Shemeji akamtazama dada yake. "Safari hii aliyekata ndiye achague," akasema.